D iliyofichwa ndani ya wiem: jibu kuhusu kitenzi *věděti

«Habari za kazi, mwalimu. Niko Łódź, Poland, kwenye kozi ya Kipolandi kabla ya kuanza chuo. Kuna kitenzi kimenichosha: wiedzieć, yaani kujua. Nasema wiem, wiesz, wie, halafu ghafla "wanajua" inakuwa wiedzą. Hiyo dz inatoka wapi? Nilipouliza niliambiwa ni kitenzi kisichofuata kanuni, nikariri tu. Nikaingia mtandaoni nikakuta kwamba asili yake ni *věděti, kwamba Waslavi walilichukua neno hilo kwenye Veda, vitabu vitakatifu vya kale vya Wahindi, kwamba dubu kwa Kirusi, medved', maana yake ni "ajuaye asali ilipo", na kwamba Sovieti ni "wanaojua pamoja". Mwenzangu aliyesoma Urusi naye anasema Warusi hawalitumii neno hilo kabisa, wao husema znat'. Nimshike nani? Na ile nyota mbele ya neno ni ya nini? Nauliza kwa sababu nafikiria kuandika tasnifu yangu juu ya mambo haya.»

Kitenzi chako kina kanuni, tena kanuni nzuri, ila ni za zamani kuliko Kipolandi chenyewe. Kukariri kutakuvusha kwenye mtihani. Kuelewa kutakupa vitenzi vingine viwili kwa mkupuo mmoja pamoja na msururu wa vinyambuo vyake. Kuhusu uliyoyakuta mtandaoni, la Veda ni nusu kweli, la dubu si kweli ingawa Warusi wengi wanaliamini, na la Sovieti si kweli hata kidogo. Mwenzako wa Urusi amesema kweli kuhusu mazungumzo ya kawaida, lakini hajaangalia vizuri, maana Kirusi kimejaa watoto wa neno hilo.

Nyota nitaimaliza haraka. Wanaisimu huiweka mbele ya umbo ambalo halijakutwa limeandikwa popote, bali limeundwa upya kwa kulinganisha lugha zilizotokana nalo. Wataalamu wa Kibantu wanafanya vivyo hivyo: wanachukua mtu ya Kiswahili, mũndũ ya Kikuyu na umuntu ya Kizulu, wanafika kwenye *-ntʊ̀, na nyota inakukumbusha kwamba hakuna aliyemsikia mzungumzaji wa wakati huo akilitamka. Kislavi mame, lugha ambayo Kirusi, Kipolandi, Kicheki, Kibulgaria na ndugu zao zilichipuka kwayo, nacho hakikuandikwa. Maandishi ya Waslavi yalianza karne ya 9, pale Cyril na Methodius, ndugu wawili wa Thesaloniki, walipotumwa Moravia mwaka 863 na kuanza kutafsiri vitabu vya ibada. Lugha ya tafsiri hizo huitwa Kislavoni cha Kale cha Kanisa, na humo věděti limo, limeandikwa wazi, bila nyota. Kwa hiyo hapa hatubahatishi sana.

Ile ě yenye kofia iliyogeuzwa ni vokali ambayo zamani ilikuwa ndefu, e iliyopanuka ikielekea a. Warusi waliiandika kwa herufi ѣ, iitwayo yat, hadi mageuzi ya tahajia ya 1918 yalipoifuta. Ikumbuke herufi hiyo, kwa sababu kila tukitaka kujua neno gani ni ndugu wa věděti na lipi linafanana nalo kwa sura tu, ndiyo itakayotoa ushahidi.

Sasa asili. Katika Kiindo-Ulaya mame, lugha ya kale zaidi iliyozaa Kislavi na lugha nyingi za Ulaya na India, kulikuwa na mzizi *weyd-, wenye maana ya kuona. Mizizi ya lugha ile ilibadilisha vokali ya kati kulingana na kazi yake: mara e, mara o, mara hakuna vokali. Umbo lenye o, *woyd-, lilitumika katika njeo timilifu, na maana yake ya asili ilikuwa kama «nimekwisha kuona». Aliyekwisha kuona anajua, na ndivyo umbo la kuona lilivyogeuka kuwa kitenzi cha kujua. Jambo hili lilitokea kabla matawi hayajaachana, ndiyo maana limesambaa kote: Kigiriki cha kale oida, Kisanskriti veda, Kigothi wait, Kijerumani cha leo ich weiß, Kiprusi cha Kale (lugha ya Kibaltiki iliyokwisha kufa) waidimai «tunajua». Kilatini kilibaki na upande wa kuona, video.

Kislavi kilirithi pande zote mbili. Mfuatano wa ey uligeuka kuwa i, na oy ukapitia ay hadi kuwa ě. Basi *weyd- ikatoa viděti, kuona, na *woyd- ikatoa věděti, kujua. Wewe hapo Łódź unayatumia yote mawili kila siku bila kujua ni ndugu wa tumbo moja: widzę, naona, wiem, najua.

Tuje kwenye d yako, maana hapo ndipo penye uhondo. Vitenzi vingi vya Kislavi huweka vokali kati ya mzizi na kiambishi cha nafsi. Vichache sana havikuweka kitu: kiambishi kiligongana na mzizi moja kwa moja. Věděti ni kimojawapo. Ukianza na mzizi věd- na kubandika viambishi vya kale, unapata *věd-mь kwa «mimi» (ь na ъ ni vokali fupi sana za kale), *věd-si kwa «wewe», *věd-tь kwa «yeye», *věd-mъ kwa «sisi», *věd-te kwa «ninyi», na *věd-ętь kwa «wao». Kislavi mame kilikuwa lugha isiyopenda silabi kuishia na konsonanti. Mzungumzaji wa Kiswahili hahitaji kufafanuliwa sana hapo. D ilipokutana na m ilimezwa: věmь. Ilipokutana na s ilimezwa pia: věsi. Ilipokutana na t mambo yalikuwa tofauti, kwa sababu sauti mbili za meno zikigongana, ya kwanza ilikuwa inageuka kuwa s, na hilo ni jambo la zamani kuliko Kislavi: věstь, věste. Ni «wao» peke yao waliokuwa na vokali mwanzoni mwa kiambishi. Hapo d haikugongana na kitu, ikabaki: vědętь.

Kwa hiyo dz ya wiedzą haikuongezwa. Hiyo ndiyo d ya mzizi, imelainika tu. Ni zile nafsi nyingine tano zilizoipoteza. Angalia pia wakati uliopita: wiedział, wiedziała, wiedzieli. Vokali inafuata d, basi d ipo. Amri nayo ni wiedz.

Kipolandi hakikuhifadhi kila kitu. Ukifuata sauti peke yake, «wewe» ingepaswa kuwa wiesi na «ninyi» wieście. Wapolandi walikuja kuvipa viambishi vya vitenzi vya kawaida, vikawa wiesz na wiecie. Ukitaka kuiona ile st ikiwa hai, nenda Slovenia: huko «ninyi mnajua» ni veste hadi leo. Kirusi kimeiacha kwenye msemo mmoja mkongwe, Bog vest', «Mungu ndiye ajuaye».

Faida ya haya yote kwako ni hii. Vitenzi vilivyogongana namna hiyo na vikabaki Kipolandi vinahesabika. Jeść, kula, kina mzizi unaoishia na d: jem, jesz, je, jemy, jecie, halafu jedzą. Dać, kutoa: dam, dasz, da, damy, dacie, halafu dadzą. Unaona mtindo ni uleule. Tahadhari moja tu kwenye dać: usiitafute d katika wakati uliopita. Mzizi wake ni da-, na ile d ya pili ilitokana na kurudiwa kwa mzizi katika wakati uliopo tu, ndiyo maana ni dał na hakuna d ya ziada. Wanafunzi wengi hukosea hapo kwa kutumia kanuni kupita kiasi.

Halafu kuna vinyambuo. Ongeza po- upate powiedzieć, kusema, kwa maana ya asili ya kumjulisha mtu: powiem, powiesz, powie, powiedzą, na amri powiedz. Odpowiedzieć ni kujibu, opowiedzieć ni kusimulia, dowiedzieć się ni kupata habari. Vyote vinakwenda kama wiedzieć, usivinyambue kama kitenzi kingine chochote. Vikiwa katika hali ya kuendelea au kurudiarudia hubadilika kuwa odpowiadać, opowiadać, na hapo a imetokea kwa kanuni nyingine: ě ya kale ikisimama mbele ya sauti ngumu ya meno, yaani kama t au d isiyolainishwa, Kipolandi huigeuza kuwa ia. Chukua simu yako uiweke kwa Kipolandi, pale pa ujumbe pataandikwa Wiadomości. Ni mzizi uleule, wiad-.

Tuingie kwenye Veda. Undugu upo, na ni wa karibu sana: neno Veda la Wahindi lina mzizi huohuo na vokali hiyohiyo ya o. Lakini kufanana kwa sauti kumepita njia mbili tofauti. Kisanskriti kiliichanganya o na a, kisha ay ikawa e ndefu. Kislavi nacho kiliichanganya o na a, kisha ay ikawa ě. Kila lugha ilifika hapo kivyake. Kuna kipimo rahisi cha kukataa dai la kukopa, na unakijua kutoka nyumbani. Kiswahili kimechukua fahamu, safiri na fikiri kutoka Kiarabu, lakini hakuna anayevinyambua Kiarabu. Tunasema nilifahamu, tutasafiri, kwa viambishi vyetu vya kawaida. Kitenzi mgeni huvaa mavazi ya mwenyeji. Věděti kina mnyambuliko wa kale uliovurugika kuliko karibu vitenzi vyote vya Kislavi, na huo ni ukongwe wa mwenye nyumba.

Kuna alama nyingine ya ukongwe. Pamoja na věmь, Kislavoni cha Kale kina umbo jingine la «najua»: vědě. Hilo halifuati viambishi vya wakati uliopo hata kidogo. Ni mabaki ya ile njeo timilifu ya Kiindo-Ulaya niliyoieleza, na kwa kadiri ya maandishi tuliyonayo ndilo pekee la aina yake katika Kislavi chote. Limenusurika hata kwenye alfabeti. Majina ya kale ya herufi tatu za kwanza ni az, buky, vědě, na yakisomwa pamoja yanatoa sentensi: «mimi herufi najua».

Ukikutana na kurasa zinazosema Waslavi walikuwa na Veda zao wenyewe, mara nyingi zitakuelekeza kwenye kinachoitwa Kitabu cha Veles. Kiache. Andrei Zaliznyak, mmoja wa wanaisimu wakubwa wa Kirusi, alionyesha kwamba lugha yake haiwezi kuwa ya kipindi chochote cha kweli. Ni ya kughushi.

Dubu sasa. Kislavi mame kilikuwa na *medvědь. Maelezo ya mitaani huligawa med + věd, asali + kujua. Yanavutia, na Kiukraini kinayapa nguvu za bure kwa kugeuza silabi: vedmid'. Lakini mgawanyo sahihi ni medv + ěd, asali + kula. Dubu ni «mla asali».

Sababu ziko tatu, na ya kwanza ni v yenyewe. Neno la asali katika Kiindo-Ulaya liliishia na u, *medhu-, na u hiyo mbele ya vokali ilikuwa v. Bado unaiona katika kivumishi cha Kirusi medvyanyj, «wa asali», ambamo hakuna kujua kokote. Kwa hiyo v ni mali ya asali. Ukiitoa na kuipa mzizi wa kujua, umemnyang'anya mtu mmoja ukamvika mwingine. Ya pili ni Kisanskriti, chenye neno madhvad-, «mla asali», lililoundwa kwa vipande hivyohivyo. Ya tatu ni mnyama tunayemjua vizuri Afrika Mashariki. Nyegere, kwa Kirusi, anaitwa medoed. Ni neno la baadaye, lililoundwa kwa maana ileile ya mla asali, na kwa sababu ni la baadaye linaunganisha kwa o na kuiacha ed «kula» ikionekana wazi. Ukiliweka medved' kando ya medoed unaona kazi ileile imefanywa mara mbili katika enzi mbili za lugha.

Kwa nini dubu aitwe kwa mzunguko namna hiyo? Kiindo-Ulaya kilikuwa na jina lake halisi, lililobaki katika Kigiriki arktos na Kilatini ursus. Waslavi wamelipoteza kabisa. Maelezo yanayokubalika na wengi ni mwiko: mnyama wa kutisha hatajwi kwa jina msituni. Nalikubali, ingawa mwiko ni kitu ambacho mwanaisimu hukikisia tu. Sauti ndizo zinazothibitika.

Sovieti ni kosa la aina nyingine. Kirusi sovet, shauri au baraza, limetokana na sъ- «pamoja» na *větъ, neno la kusema. Mzizi huo una t, na ndugu yake wa Kiprusi cha Kale ni waitiāt, kuongea. Kutoka hapo kuna veche, baraza la wananchi la Novgorod ya zamani, na Kipolandi wiec, mkutano wa hadhara. Salamu ya Kirusi privet na neno otvet, jibu, ni za ukoo huohuo. Sovet limekwenda njia moja na shauri letu, lililozaa halmashauri.

Ila angalia mtego: «kujua pamoja» lipo kweli katika Kislavi, lakini si hapo. Lipo katika sovest', dhamiri. Hilo ni sъ- na věstь, na věstь ni ile věd- iliyogongana na t. Watafsiri wa kanisa walilitengeneza kwa kulifuata kipande kwa kipande neno la Kigiriki syneidesis, ambalo ndani yake mna mzizi uleule wa Kiindo-Ulaya. Sovest' na sovet zinafanana herufi nne za mwanzo tu. Gazeti la Izvestia, lililoanzishwa 1917, lilikuwa gazeti la Masovieti, na jina lake ndilo lina věd: habari, mambo yaliyojulishwa. Ukoo wa kujua na ukoo wa kusema ulikuwa juu ya ukurasa mmoja.

Kuna kishawishi kimoja zaidi ambacho hukutaja lakini kitakupata hapohapo Poland. Wieść ni habari au uvumi. Wieść pia ni kuongoza. Maneno mawili, tahajia moja. La kwanza ni věstь. La pili linatokana na mzizi *ved- wenye e fupi ya kawaida, kutoka Kiindo-Ulaya *wedʰ-, na halina uhusiano na kujua. Utawatenganishaje? Tafuta umbo ambamo d inafuatwa na vokali isiyoilainisha. Kuongoza kunatoa wiodę, «naongoza», na kujua kunatoa wiadomość. Mbele ya sauti ngumu ya meno e ya kawaida huwa io, na ě huwa ia. Huo ndio ushahidi wa yat niliokuahidi, na Kipolandi kinautoa bila kulazimika kusoma hati za kale. Warusi, kwa kuwa walifuta ѣ, wanaandika vedu «naongoza» na vedaju «najua» kwa herufi moja; kabla ya 1918 mtoto wa shule aliyaandika kwa vokali mbili tofauti. Ukitumia Kiukraini kama kipimo, ě yake imekuwa i: vidaty, kujua, lakini vesty, kuongoza. Chunguza silabi wazi tu. Katika silabi funge Kiukraini kinageuza hata e nyingine kuwa i, na utapotea.

Mwenzako wa Urusi sasa. Tangu mwanzo Kislavi kilikuwa na vitenzi viwili vya kujua. *Věděti ilikuwa kujua jambo, na *znati ilikuwa kumtambua mtu au kitu. Kipolandi kimeulinda mpaka huo: Wiem, gdzie jest dworzec, najua stesheni iko wapi, Znam to miasto, naufahamu mji huu. Kitenzi kikifuatiwa na sentensi nzima, yenye że («kwamba») au neno la kuuliza, tumia wiedzieć. Kikifuatiwa na jina la mtu, mahali au kitu, karibu kila mara ni znać. Kicheki vědět na znát wanaachana karibu vivyo hivyo. Kibelarusi kimekwenda upande wa pili, ambako vedac' ndicho kitenzi cha kawaida cha kujua.

Kirusi, Kiserbia, Kikroeshia, Kibulgaria na Kimasedonia vimempa znati nyumba yote. Sababu inayoeleweka zaidi ni ule mgongano. Mtoto anayejifunza lugha ana vědě, věmь, věsi, věstь upande mmoja, na znaju, znaješь zilizonyooka upande mwingine, kilichonyooka kilishinda. Kirusi kilijaribu kukinyoosha na kile kingine, kikawa vedat', vedaju, lakini kilikuwa kimechelewa, kikabaki na harufu ya vitabu na ofisi. Ndiyo maana mwenzako hakukisikia sokoni lakini lazima alikutana na zavedujushchij, mkuu wa idara, vedomost', orodha rasmi ya malipo au alama, na vedomstvo, idara ya serikali. Peter Mkuu alipoanzisha gazeti, amri ikiwa ya Desemba 1702 na toleo la kwanza kuchapwa Januari 1703, liliitwa Vedomosti. Mchawi wa kike ni ved'ma, «mwenye kujua». Wabulgaria walipoteza kitenzi lakini gazeti kwao ni vestnik, na Waserbia, waliokipoteza pia, wana vest kwa habari na savest kwa dhamiri.

Lipo neno moja ambalo sitakupa jibu la mkato: nevěsta, bibi harusi, Kirusi nevesta. Wengi, akiwemo Max Vasmer mwandishi wa kamusi kubwa ya asili za maneno ya Kirusi, wanalisoma ne- + věd- + -ta, «asiyejulikana», mgeni anayeingia ukoo wa mume. Wengine wanataka kuliunganisha na *ved-, kuongoza, kwa maana ya «aliyeletwa karibuni», wakitegemea kwamba lugha kadhaa za Kiindo-Ulaya zilitumia mzizi huo kwa kuoa. Maana yao inaingia akilini, sauti ndizo zinazowabana. Neno hili lina yat kila mahali: Warusi waliandika невѣста, na Kipolandi kina niewiasta, yenye ia. Ukienda misa hapo Łódź utalisikia kwenye Salamu Maria, między niewiastami, «kuliko wanawake wote». Wenye hoja ya kuongoza wanalazimika kueleza ě hiyo imetoka wapi, na maelezo yao yanazunguka. Mimi niko upande wa Vasmer, lakini ukiandika tasnifu weka hoja zote mbili mezani.

Ukitaka kupima neno lolote mwenyewe, usianze na maana. Maana ni laghai, kila kitu kinaweza kuhusishwa na kujua. Anza kwa kuondoa viambishi awali kama po-, od-, za-, sъ-, iz-. Kisha angalia vokali ya mzizi: ukikuta ia na ie zikipokezana katika Kipolandi, au ije/je katika Kikroeshia (vijest, savjest), una ě, ukikuta io, acha. Halafu tafuta umbo ambamo konsonanti ya mwisho ya mzizi inafuatwa na vokali, uone kama ni d au t, kwa sababu mbele ya t nyingine zote mbili huwa s na huwezi kuzitofautisha. Neno likivuka vizuizi vyote hivyo ndipo uulize kama maana inakubali.

Kwa matumizi ya kila siku ya wiedzieć na znać, mwalimu wako wa kozi anatosha, na ni bora kuliko kamusi; mletee sentensi zako umwombe azisahihishe. Tasnifu ni jambo jingine. Kabla hujaandika kichwa cha habari nenda idara ya Slavistiki (masomo ya lugha za Kislavi) ya chuo utakachoingia, uulize kama kuna msimamizi wa isimu historia na kama kozi ya Kislavoni cha Kale inafundishwa mwaka huo, maana bila muhula mmoja wa lugha hiyo utakuwa unanakili hitimisho la watu bila kuweza kulipima. Nenda na maneno kumi uliyoyachambua kwa njia niliyoieleza, yakiwemo mawili yaliyokushinda. Hayo mawili ndiyo msimamizi atakayotaka kuyaona. Kwa Kipolandi fungua kamusi ya asili za maneno ya Wiesław Boryś ya 2005, na kwa Kislavi mame ile ya Rick Derksen ya 2008, uangalie chini ya *věděti. Ile ya Aleksander Brückner ya 1927 ni rahisi kuipata na ni tamu kusoma, lakini alikuwa mtu wa kukata maneno kwa ujasiri. Kila dai lake lilinganishe na Boryś kabla hujalinukuu.